Fremu Moja ya Mzee Kobelo

Sogeeni karibu, wakubwa kwa wadogo, ila aliye mwepesi wa kuhukumu akae nyuma kabisa. Hadithi hii imeshawagombanisha watu wenye akili zao timamu. Mimi kazi yangu ni kusimulia tu, kisha naondoka nikiwaacha mnabishana.

Palikuwa na nyumba Morogoro, upande ule wa mji unaoegemea mlima, na katika nyumba hiyo walipanga watu watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Wa kwanza ni Mwantumu, mkaanga maandazi. Kipaji chake kilikuwa pua. Mwantumu alisimama uani akakwambia jirani wa nyumba ya tatu anapika nini, na kama mafuta aliyotumia ni ya jana. Maziwa yakitaka kuharibika, yeye alijua kabla maziwa yenyewe hayajaamua. Alikaangia maandazi yake kando ya barabara chini ya karatasi ya nailoni, na mvua ikija na upepo jiko lilizimika na unga ukaharibika.

Wa pili ni Sadala, mnadi wa mitumba. Kipaji chake kilikuwa mdomo. Huyu aliwahi kumuuzia mtu koti zito la manyoya katikati ya joto la Februari, na yule mtu akaondoka anashukuru. Nguo zake alizimwaga juu ya turubai chini, pembeni mwa soko, na mgambo wakitokea alikusanya ncha nne za turubai akakimbia na duka lake mgongoni.

Wa tatu ni Luhende, kijana wa Kisukuma, mbeba mizigo. Kipaji chake kilikuwa nguvu. Gunia ambalo wengine walilibeba wawili, yeye alilitia begani huku anatafuna muwa. Maneno hakuwa nayo. Ukimsalimia alijibu vizuri, ukimuuliza swali la pili alitafuta kazi ya kufanya. Alikuwa na ndoto moja tu, kuacha kubeba mchele wa watu na kuanza kuuza wa kwake kabla mgongo haujamwambia basi.

Sasa kipaji ni kitu kizuri kikiwa kwa jirani. Kwa mwenye nyumba, Mzee Protas Kobelo, vipaji hivi vitatu vilikuwa maradhi matatu. Mwenye pua alilalamika kila siku. Mwenye mdomo alifanya mazoezi ya kunadi alfajiri, watu wamelala. Na mwenye nguvu alifungua milango vitasa vikabaki mkononi.

Mzee Kobelo alikuwa mgeni katika mambo ya upangishaji. Maisha yake yote aliyamalizia kiwandani, akiishi kwenye kota za kampuni, taa ikiungua anaita fundi wa kampuni, bomba likivuja anaita fundi wa kampuni. Alipostaafu akapata kiinua mgongo, dalali mmoja akamnong'oneza, "Mzee, nyumba ni mfanyakazi asiyeomba likizo. Wewe unalala, yenyewe inakutafutia." Mzee akaona huo ndio wimbo aliokuwa anausubiri. Akanunua nyumba kongwe ya vyumba vitano, pamoja na fremu moja mbele, kachumba ka biashara kanakotazama barabara.

Kulala kwenyewe akakusikia kwa jirani. Leo choo kimeziba, kesho bati limepeperuka. Mita ya umeme ilikuwa moja, na umeme ukikatika kila mpangaji aliapa kwamba yeye hana hata redio. Mpangaji mmoja alihama akaondoka na balbu, swichi na kamba ya kuanikia. Mkewe, Mama Deonisia, alimwonea huruma lakini alicheka pia, maana yeye alitaka wanunue mashine ya kusaga.

Lakini kosa kubwa la Mzee Kobelo lilikuwa la migomba.

Kwenye kona ya ua palikuwa na migomba mitatu iliyonawiri kupita kiasi, mikungu mpaka inagusa chini. Siku ya kukabidhiana nyumba, muuzaji alimkaribisha mzee ubwabwa na kuku. Wakiwa wanakula, muuzaji akasema, "Ile migomba, ndugu yangu, iache ilivyo. Itakufaa pale pale." Zaidi ya hapo hakusema, kwa sababu mtu mwenye adabu zake hataji choo watu wakiwa na tonge mkononi. Mnanielewa? Mlioishi uswahilini mnanielewa. Shimo la choo likijaa hufukiwa juu juu, hapo hupandwa migomba, na kila apitaye anajua pale hapajengwi.

Mzee Kobelo, mtu wa kota, hakujua. Yeye alidhani muuzaji anataka awe anarudi kuvuna ndizi. "Mjanja sana yule," akamwambia mkewe. Akaikata migomba, akasawazisha kona, akajenga hapo chumba cha sita. Sakafu ya saruji, bati jipya, rangi ya maziwa. Kilikuwa chumba kizuri kuliko vyote, na kodi yake ilikuwa juu kuliko vyote.

Mwantumu ndiye aliyesema wa kwanza. "Baba mwenye nyumba, chumba cha kona kinanuka."

"Kinanuka rangi mpya," mzee akajibu.

"Rangi naijua. Hii inatoka chini."

Mzee akakunja uso. Alikuwa ameshaambiwa na dalali kwamba mpangaji akianza kusema nyumba inanuka, anataka kupunguziwa kodi. Akatia pamba masikioni. Mpangaji wa kwanza wa chumba kile akahama, akaacha kitanda chake cha chuma na maneno kwamba sakafu usiku inalia. Mzee akasema panya.

Basi masika yakaingia. Alasiri moja mvua ilikuwa inapiga mabati mpaka watu waliokaa chumba kimoja hawasikilizani. Mama Deonisia alikuwa kanisani kwenye mazoezi ya kwaya. Mzee Kobelo akakumbuka kwamba kesho yake dalali anamleta mpangaji mpya wa chumba cha kona, akaenda kuangalia ufa uliojitokeza sakafuni. Akaingia, akarudishia mlango nyuma yake, maana hakutaka Mwantumu auone ule ufa akapata la kusema.

Ufa ulikuwa umeanzia mlangoni ukafika chini ya kitanda. Mzee akautazama, akajipa moyo. Ili ahakikishe, akapiga kisigino. Sakafu ikatulia. Akafurahi, akapiga tena kwa nguvu zaidi.

Sakafu ikamchukua.

Alizama mpaka kifuani. Kilichomwokoa asiende chini moja kwa moja ni kile kitanda cha chuma, ambacho kilikuwa kimebana baina ya kuta mbili. Mzee alikidaka chuma cha ubavuni kwa mikono miwili, miguu ikabaki inaning'inia kwenye giza, na chini yake maji ya zamani yakawa yanacheua. Akapiga kelele. Mvua ikazimeza zote. Mzee Kobelo aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa, na hakuona aibu kulia.

Sasa sikilizeni alichofanya kila mmoja.

Mwantumu alikuwa chumbani kwake anakanda unga. Mlango umefungwa, dirisha limefungwa, masikio hayana kazi kwa mvua. Lakini pua yake ikaamka. Harufu aliyoijua kwa miezi, iliyokuwa inachungulia tu, sasa imetoka nje nzima. Akaacha unga, akatoka na mikono myeupe, akakimbia kwenye mvua moja kwa moja hadi chumba cha kona. Akasukuma mlango, akaona kichwa na mabega ya baba mwenye nyumba yamechomoza sakafuni.

"Mwantumu!" mzee akalia. "Mwantumu, mwanangu!" Hapo ndipo alipomwita mwanangu kwa mara ya kwanza.

Mwantumu akageuka akapiga mayowe kuwaita wapangaji. Sadala akatoka, Luhende akatoka nyuma yake akiwa na usingizi machoni. Luhende alipoona, alitaka kuingia mbio. Mwantumu akajitupa mlangoni akamzuia kwa mikono ya unga. "Usikanyage! Harufu inatokea mpaka hapa kizingitini. Sakafu yote haina kitu chini!" Luhende akarudi nyuma. Kipande cha saruji kikamegeka pale pale ambapo mguu wake ungekanyaga, wakakisikia kinafika majini.

Hapo mzee, roho ikiwa mkononi, akapaza sauti: "Jamani! Atakayeniokoa, ile fremu ya mbele ni yake! Akae, afanye biashara, simdai kodi mpaka Mungu anichukue!"

Sadala kwa mazoea akaigeukia barabara akarudia kwa sauti ya mnadani: "Fremu ya mbele! Bila kodi! Mpaka Mungu amchukue!" Mvua ile iliyomshinda mzee haikumshinda Sadala. Mtaa mzima ukasikia, na waliosikia wakaja wamejifunika mabeseni kichwani.

Luhende alikuwa ameshaondoka. Alikumbuka kwamba kitu kipana hakizami kama mguu, na kitu kipana kilichokuwa karibu ni mlango. Akaenda kung'oa mlango wa chumba chake mwenyewe. Lakini baba mwenye nyumba, kwa kuchoshwa na vitasa, alikuwa ameweka milango ya mbao ngumu yenye bawaba nene na misumari ya inchi sita, hasa kwa ajili ya Luhende. Mlango ukagoma. Luhende akashindana nao, na muda ukawa unakwenda.

Huku nyuma mikono ya mzee ilikuwa imechoka. Hewa ya shimo ilimlevya, macho yakaanza kufumba. "Mwambieni Mama Deonisia anisamehe," akasema, na kidole kimoja kikaachia chuma.

Sadala akalala kifudifudi kizingitini, kwenye maji, kidevu chini. "Mzee! Nina koti hapa!"

"Sadala, nakufa."

"Sawa, lakini ufe umevaa. Koti la sufu, mifuko minne, halijaguswa na mtu. Elfu ishirini!"

Mzee Kobelo alikuwa na mkono wa birika tangu ujana. Bei kama hiyo ilimwingia hata alikokuwa. Akafumbua jicho. "Elfu ishirini? Mwizi we."

"Taja yako!"

"Elfu mbili."

"Elfu mbili unanunua kifungo, mzee! Jamani, huyu anataka kununua kifungo! Basi nakupa kumi na nane, kwa kuwa uko shimoni."

"Elfu tatu. Na nitalikagua kwanza."

"Likague! Shika vizuri hapo uje ulikague!"

Wakaendelea hivyo. Kila mikono ya mzee ilipotaka kuteleza, Sadala alipandisha bei, na mzee kwa hasira akakaza. Majirani waliokuwa wanalia walijikuta wanacheka, na wengine wakaanza kumshauri mzee asifike elfu tano. Mwantumu alicheka huku machozi yanamtoka.

Ndipo Luhende akatokea. Mlango ulikuwa umeng'oka na fremu yake ya mbao na kipande cha ukuta. Akaulaza juu ya sakafu, akajilaza juu yake tumbo chini, akatambaa. Mlango ukalia chini yake. Akamshika mzee chini ya makwapa. Mzee alikuwa mtu mzima mwenye kitambi, suruali imejaa maji, na shimo lilikuwa halitaki kumwachia. Luhende akavuta mara moja, akapumzika, akavuta tena mishipa ya shingo ikamsimama, na mzee akatoka bila viatu. Wakarudi nyuma kwa kutambaa wote wawili. Walipofika mvuani tu, kitanda kikaenda, mlango ukaenda, na nusu ya sakafu ikafuata.

Mzee Kobelo akakaa chini kwenye tope akashusha pumzi ndefu. Akajipapasa miguu, ipo. Akajipapasa kifua, kinapiga. Akaanza kucheka, na kicheko kikaambukiza ua mzima. Wanawake wakaleta ndoo za maji na sabuni ya unga, wanaume wakamsugua hapo hapo mvuani kama gari la abiria. Mama Deonisia akarudi kutoka kwaya akamkuta mumewe amesimama na bukta, povu mpaka masikioni, watu wanamshangilia. Alipoambiwa yaliyotokea akamkumbatia na povu lake, akalia kwa furaha, kisha akampiga kibao kidogo cha begani. "Hiyo ni ya migomba," akasema.

Shimo likajazwa mawe na vifusi siku zilizofuata, chumba cha kona kikavunjwa. Kila mtu akala na kulala vizuri. Ikabaki ahadi.

Mzee Kobelo angeweza kujifanya amesahau. Wengi wangesahau. Ile fremu alikuwa ameshaahidiana na wakala mmoja wa kutuma na kupokea pesa, na kodi yake ndiyo aliyoitegemea kuliko vyumba vyote vya nyuma. Akamwuliza mkewe usiku wakila, "Tufanyeje?"

"Fremu au mume?" Mama Deonisia akamuuliza. "Mimi nimeshachagua, na sijutii. Toa ufunguo."

Basi Jumapili wakaitwa wote watatu barazani, na majirani nao wakajiita wenyewe. Mzee akaweka ufunguo juu ya kigoda. "Wanangu," akasema, "nilisema atakayeniokoa. Niambieni ni nani."

Mwantumu akaanza. "Baba, mimi sisemi wenzangu hawakufanya kitu. Lakini bila mimi, nani angejua? Mama alikuwa kanisani. Hawa mmoja alikuwa amelala, mwingine anahesabu mashati. Wangekuja kukutafuta saa ya chakula. Na huyu Luhende, kama nisingemzuia mlangoni, leo tungekuwa na matanga mawili. Mwenye kuokoa ni yule anayefika wakati kuna mtu wa kuokolewa."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Sadala akasubiri wanyamaze, kama anavyosubiri wateja.

"Shikamoo mzee. Dada Mwantumu kasema kweli tupu. Alikukuta hai. Luhende naye kafika na mlango, Mungu ambariki. Sasa baina ya kukukuta na kukutoa, nani alikushika? Ulikuwa umeshaaga, mzee. Kidole kimoja kilishaachia, watu hawa ni mashahidi. Dada angekuwa na habari ya kusimulia tu, na Luhende angekuwa na mlango wa kulazia maiti. Na koti bado unadaiwa, ila hilo tuliache."

Watu wakacheka, mzee akacheka kuliko wote. Wakamgeukia Luhende. Alikuwa anatazama mikono yake, iliyokuwa bado na vidonda vya bawaba.

"Mimi nilimtoa," akasema.

Wakangoja. Kumbe amemaliza. Mama Deonisia akamwambia, "Ongeza kidogo, baba, wenzio wamesema mengi."

Luhende akafikiri. "Wamemwona, wamemsemesha. Alikuwa bado shimoni." Kisha akatafuta kazi ya kufanya, akaanza kunyoosha mguu wa kigoda uliopinda.

Hapo baraza likapasuka. Mama mmoja akasema fremu ni ya Mwantumu, na isitoshe alionya tangu mwanzo akadharauliwa, kwa hiyo ameokoa mara mbili. Bwana mmoja akamjibu kwamba onyo halimtoi mtu shimoni, apewe Luhende, ambaye peke yake alilaza mwili wake juu ya kifo. Kijana wa saluni akasema nguvu zipo tele sokoni, angeweza kuitwa mbebaji mwingine, lakini nani mwingine angemfanya Mzee Kobelo asahau kufa? Mwingine akauliza kama wangeweza kukaa watatu humo humo. Wakaenda kuitazama. Ni kachumba ka kitanda na meza. Ukiweka jiko la Mwantumu, nguo za Sadala zitanuka mafuta na hakuna atakayezivaa. Ukiweka magunia ya Luhende, jiko litakaa juu ya mchele. Mzee akajaribu kusema atampa mmoja fremu na wengine awapunguzie kodi ya chumba. Wote watatu wakakataa kwa pamoja, wakasema ahadi haikuwa hiyo, na kwamba atakayekosa atakosa kwa heshima, lakini aambiwe kwa nini.

"Na usirushe shilingi," Mwantumu akaongeza. "Hatukukutoa shimoni kwa kurusha shilingi."

Mzee Kobelo akaushika ufunguo. Akamtazama aliyemnusa, akamtazama aliyemsemesha, akamtazama aliyemvuta. Alikuwa mtu mwenye furaha siku ile, mwili mzima na deni lake likiwa la heshima, na bado jasho lilikuwa linamtoka. Akaunyoosha mkono wenye ufunguo mbele yao, na mkono ukabaki hewani.

Mimi niliondoka wakati huo. Sikungoja kuona ulikoangukia, maana nilijua nikiona mtaniuliza mimi, na mimi ni jirani wa wote wanne.

Haya, ufunguo ninao hapa mkononi, nawanyooshea ninyi. Mwantumu, ambaye bila pua yake mzee asingepatikana? Sadala, ambaye bila mdomo wake angeachia? Luhende, ambaye bila mikono yake angebaki pale pale? Mmoja tu. Na ukishamtaja, waeleze wale wawili sababu, ukiwatazama usoni, kwa sababu kesho asubuhi mtaamkiana kwenye ua huo huo mmoja. Ungekuwa wewe ndiye uliyetolewa mle ndani, ungemkabidhi nani?